Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: wachezaji wa Tekken tunaomba barua ya utambulisho

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mchezaji wa Tekken, mchezo wa kielektroniki wa kupigana ambao watu wawili huucheza wakiwa wameketi bega kwa bega mbele ya skrini moja, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimamia mazoezi ya jioni ya vijana wa mtaani kwetu Tudor. Sikuandikii kuomba fedha. Ninaomba Wizara yako iweke utaratibu wa kumpa mchezaji binafsi wa michezo hii barua ya utambulisho anapokwenda kushindana nje ya nchi, na uniwie radhi iwapo maelezo yangu yatakuwa marefu, kwa sababu nisipoueleza mchezo wenyewe, ombi hili litaonekana kuwa la mtu anayetafuta kisingizio cha kwenda kutembea.

Niliwahi kualikwa kwenye mashindano Ulaya. Nilikuwa na mwaliko, nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, na taarifa ya benki ya miezi 6. Katika ubalozi mmoja, ambao sitautaja, afisa aliisoma fomu yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa kazi nilipoandika "mchezaji", akaniuliza ninachezea timu gani. Nikamwambia sina timu, mchezo wetu ni wa mtu mmoja mmoja. Akauliza ni chama gani kilichonituma. Nikamwambia nimejiandikisha mwenyewe, kama wanavyofanya wengine wote. Hapo aliinua macho, akauliza kama nina barua yoyote ya serikali, nami sikuwa nayo. Wiki 3 baadaye pasipoti yangu ilirudi ikiwa na karatasi ya visanduku, na kilichotiwa alama kilisema kwamba sababu za safari hazikuaminika. Simlaumu yule afisa. Kwa mkate wa kila siku mimi hutengeneza simu, na mtengeneza simu anayesema anasafiri kwenda kucheza gemu bila kutumwa na mtu yeyote, hata mimi ningemtilia shaka.

Ugumu, Mheshimiwa, unatokana na jinsi mashindano haya yalivyojengwa. Mashindano makubwa kuliko yote, Evo, yalianzia kwenye mkusanyiko wa wachezaji huko California mwaka 1996, na hadi leo yanafuata desturi ileile: anayelipa kiingilio anacheza, awe bingwa au mwanafunzi. Mwaka 2023 washiriki wa Street Fighter 6, mchezo mwingine wa kupigana, peke yake walizidi 7,000 huko Las Vegas. Ukishindwa mara mbili umeondoka. Mtu anaweza kuvuka bahari, akacheza kwa muda usiozidi nusu saa, akarudi uwanja wa ndege. Hakuna timu ya taifa, hakuna kocha anayetangaza majina redioni, na hakuna mkuu wa msafara anayebeba pasipoti za wachezaji kwenye mkoba mmoja. Ndiyo maana karatasi ambazo mwanariadha hukabidhiwa na chama chake, mchezaji wa Tekken hana wa kumkabidhi.

Wengi huniuliza kwa nini tusicheze kwa intaneti tukaachana na safari. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika hesabu ndogo. Mchezo huu huigawa sekunde moja katika fremu 60, yaani picha 60 zinazofuatana kwenye skrini. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi wa Tekken hutoka kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Mpinzani akirusha pigo zito nami nikalikinga, yeye hubaki wazi kwa fremu chache mno, na ndani ya hizo chache ndimo ninamoweza kumwadhibu. Nikichelewa kwa fremu moja, keshajikinga. Mazoezi yetu ya jioni kwa sehemu kubwa ni hayo: kijana mmoja hurudia pigo lilelile mara 50 na mwenzake hujifunza kulijibu, mpaka vidole vijue kabla ya akili. Sasa, ishara inayotoka Mombasa hadi Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya milisekunde 100, ambazo ni fremu 6 au zaidi. Programu za siku hizi huficha pengo hilo kwa kubashiri mpinzani atafanya nini, kisha hujisahihisha zinapokosea, na wewe mchezaji unachokiona ni mtu aliyekuwa amesimama akiwa ghafla yuko katikati ya teke. Unaweza kujifurahisha hivyo. Kujifunza kumsoma mtu mwenye nguvu, hapana. (Kuna wanaonikumbusha kwamba nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na EASSy tangu 2010, zinatua papa hapa Mombasa. Ni kweli, na tunashukuru, lakini kutua kwake hapa hakujaisogeza Ulaya.)

Ukitaka kuona kinachotokea pale mchezaji asiyejulikana anapofanikiwa kuvuka mpaka, mtazame Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, anayejulikana kwa jina la Arslan Ash. Alikulia kwenye kumbi za gemu za mitaani, ambako vijana walicheza kwa sarafu na aliyeshindwa alimpisha mwingine. Februari 2019 alikwenda Fukuoka kwa mashindano ya Evo Japan, na amesimulia mwenyewe jinsi masuala ya viza na ndege yalivyoivuruga safari ile. Watu wengi waliokuwa ukumbini hawakujua hata kwamba Pakistan ina wachezaji wa Tekken. Akatwaa ubingwa. Alipohojiwa alisema kwao wapo wengine wengi wa kiwango chake, na dunia ikadhani ni unyenyekevu wa mshindi. Agosti mwaka huohuo akashinda tena, kwenye Evo ya Las Vegas, kwa kumfunga kwenye fainali Bae Jae-min wa Korea Kusini, aitwaye Knee, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa kipimo cha mchezo huu. Knee naye alifunga safari kwenda Pakistan kucheza na hao "wengine wengi", na akakuta kwamba Arslan alikuwa amesema kweli. Mmoja wao, Atif Butt, baadaye alishinda fainali za dunia za Tekken zilizofanyika Amsterdam mwanzoni mwa 2023.

Wewe, Mheshimiwa, kisa hiki unakijua kwa jina jingine. Unaijua Iten. Wakimbiaji wa Iten hawawi hodari kwa sababu ya mwinuko wa mita 2,400 peke yake. Mwinuko upo kwingine pia. Huwa hodari kwa kuwa kila asubuhi, barabarani kwenye udongo mwekundu, mtu hukimbia nyuma ya mgongo wa aliye bora kuliko yeye, hadi siku anapompita. Ndiyo maana wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kukimbia nao. Lahore ni Iten ya Tekken. Lakini Iten isingejulikana kama wale wa kwanza wasingepata njia ya kwenda kushindana na kurudi, na hapo ndipo vijana wangu walipokwama. Wapo wawili ambao mimi mwenyewe siwawezi tena. Mmoja amenifunga michezo 10 mfululizo, na mnamo mchezo wa sita nilimwona anapiga miayo. Ana miaka 19. Hajawahi kucheza na mtu aliyemshinda kwa uwazi, na bila mtu kama huyo hataongezeka hata kidogo, ataendelea kutufunga sisi.

Nisieleweke kwamba kazi hii ni njia ya mkato ya utajiri. Ni kweli kwamba mshindi wa Capcom Cup, mashindano ya ubingwa wa Street Fighter, mwaka 2024 alipewa dola milioni 1 za Marekani, na wa 2025 vilevile, lakini hao ni watu wawili. Daigo Umehara wa Japani, ambaye pengine ndiye mchezaji maarufu kuliko wote katika historia ya michezo ya kupigana, aliwahi kuiacha kabisa akaenda kufanya kazi ya kuwatunza wazee, kwa sababu wakati ule ustadi wake haukuweza kumlisha. Alirudi ulingoni mwaka 2009, na ni baada ya kurudi ndipo alipopata wadhamini. Wengi wanaoishi kwa kazi hii huishi kwa kuunganisha vipande: udhamini kidogo, kufundisha, kurusha mchezo moja kwa moja mtandaoni, na zawadi ikipatikana. Nawaambia hivyo wazazi wanaokuja kuniuliza, na mara nyingi kabla sijamaliza huniuliza lile linalowakera hasa, iwapo huku si kubeti. Siyo. Kwenye mazoezi yetu hakuna dau, wala mwanafunzi haruhusiwi kuingia kabla ya saa za shule kwisha.

Kuhusu iwapo mchezo huu una hadhi ya kushughulikiwa na serikali, nadhani Asia imekwisha kulijibu swali hilo. Kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika mwaka 2023, Street Fighter V ilikuwa na medali kamili, na dhahabu ilichukuliwa na Kim Gwan-woo wa Korea Kusini akiwa na miaka 44. Huko kwao dhahabu ya Michezo ya Asia humwondolea kijana utumishi wa lazima wa jeshi, ingawa kwa bwana Kim manufaa hayo yalikuja akiwa amekwisha kuutumikia zamani. Na hapa nyumbani, mwaka 2018 Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani kucheza Tekken, naye ni mtu aliyesomea sheria, kwa hiyo picha ya kijana aliyeshindwa na masomo haimhusu. Timu hiyo iliyomtambua kama mtaalamu wa mchezo huu ni ya kigeni.

Najua jibu ambalo maafisa wako wanaweza kutoa: Sheria ya Michezo ya 2013 iliweka Msajili wa Michezo, na vyama hupitia kwake, basi nasi tujiunge tupitie chama. Sipingi vyama. Lakini mwaliko wa mashindano haya humfikia mtu, na tarehe ya viza haisubiri kikao cha kamati. Barua ninayoiomba inaweza kuwa ya ukurasa mmoja: jina la mchezaji na namba ya pasipoti, mashindano anayokwenda, tarehe za kwenda na kurudi, na maneno kwamba Wizara imeziona kumbukumbu za matokeo yake na imeridhika kwamba ni mshindani wa kweli. Matokeo hayo hayahitaji upelelezi, kwa kuwa karibu kila shindano huchapisha jedwali lake hadharani, pambano kwa pambano. Ikitolewa ndani ya siku 14 za kazi itatufaa. Ikichukua miezi 3 haitakuwa na kazi.

Hofu ya Wizara, naikisia, ni kwamba atatokea mmoja atakayezamia hukohuko na kuichafua sahihi ya Waziri. Hofu hiyo ina msingi. Pendekezo langu ni kwamba kila atakayepewa barua airudishe ndani ya siku 10 za kurejea kwake, ikiwa na nakala ya muhuri wa kuingia nchini, na kwamba mwaka wa kwanza barua zisizidi idadi ndogo ambayo afisa mmoja anaweza kuifuatilia kwa simu. Asiyerudisha asipewe tena, na aliyemdhamini, kama ni mimi, asikubaliwe kumdhamini mwingine. Niko tayari kulitia sahihi hilo.

Kuna jambo moja ambalo huwa linanichekesha, ingawa si sana. Tangu Januari 2024 Kenya iliwaondolea wageni viza, na sasa hujaza kibali cha safari mtandaoni. Kwa hiyo Knee akitaka kuja Tudor kucheza na yule kijana wangu wa miaka 19, anaweza kuomba kibali akiwa amekaa kitandani kwake Korea, na tutampokea kwa pilau. Kijana ndiye asiyeweza kumfuata.

Iwapo wewe au afisa wako mtapenda kuona kwa macho ninachokieleza, mazoezi yetu ni Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa 12 jioni. Nitawapa pedi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, na mtaketi na yule kijana. Nimemwambia awe mpole kwa wageni, na ameahidi kwa raundi ya kwanza tu.

Natanguliza shukrani,

Wako mtiifu,
Mchezaji na msimamizi wa mazoezi ya Tekken,
Tudor, Mombasa