Funika jicho moja, mwanangu
Bukavu

Mwanangu mpendwa,

Uwasalimie watoto. Ulisema kwenye simu kwamba taa ya dukani haitoshi siku hizi, na jioni uzi mweusi na wa buluu nzito vinakuchanganya. Umeme wa Goma tunaujua. Ila wewe umeshapita miaka 40, na macho yanapobadilika hayapigi hodi. Mtu hulaumu taa kwanza, kisha uzi, na mwaka unaisha.

Sindano ndiyo husema mapema. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa kwa umri, ikashindwa kujikusanya kwa kitu cha karibu. Ndiyo maana mtu husogeza simu mbali, na sindano huitungia mlangoni kwenye jua. Mwanga mkali hufanya mboni iwe ndogo, na mboni ndogo hunyoosha kuona. Kwa hiyo ukitunga uzi mara moja mchana, lakini jioni ukajaribu mara tano, mkono wako hauna kosa. Dalili nyingine ni kichwa kuuma juu ya nyusi baada ya kushona, au mteja aliye mlangoni kuonekana na ukungu kidogo unapoinua macho kutoka kwenye kitenge. Haya hayanitishi. Wengi wa umri wako husaidiwa na miwani ya kusomea ya +1 au +1,5.

Ninachokiogopa ni kinachojificha. Macho mawili hubebana: moja likipungua, lenzake hufanya kazi ya yote mawili nawe usijue. Basi chagua kibao cha duka kilicho ng'ambo ya barabara, chenye herufi kubwa na ndogo. Usichague mlima Nyiragongo, volkano yetu, maana mawingu na moshi huufunika kila siku kwa namna yake. Simama mahali pale pale, saa ile ile, mara moja kwa mwezi. Funika jicho kwa kiganja bila kulibonyeza, kwani jicho lililobonyezwa huona ukungu kwa muda. Anza na lile unaloliamini kidogo. Ukianza na lile zima, jingine litasoma kwa kumbukumbu. Andika kwenye daftari mstari mdogo kabisa ambao kila jicho limeusoma.

Jicho likishindwa, toboa karatasi ngumu kwa pini na uchungulie katika kitundu. Herufi zikinyooka, huenda miwani itatosha. Zisiponyooka, tatizo laweza kuwa kwenye lenzi, kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, na miwani ya sokoni haitakusaidia. Chukua pia daftari la hesabu la watoto, lile la miraba, utie nukta katikati ya ukurasa na uitazame kwa jicho moja kutoka sentimita 30. Mistari ikipinda au kipande kikikosekana, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Kuhusu rangi: mtoto wa jicho hutia lenzi umanjano, na buluu hufifia. Angalia kama taa za pikipiki usiku zinakumwagikia machoni au zina duara pembeni. Na kama siku moja utasoma bila miwani uliyoizoea, usishangilie. Mtoto wa jicho anapoanza anaweza kufanya hivyo. Kuona kukibadilika leo na kesho, pimisha sukari.

Baba yako anatia matone ya presha ya macho, yaani glakoma, nawe ni damu yake. Hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Hula pembeni kwanza: bega linagonga fremu ya mlango, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inatokea ubavuni kama imeanguka kutoka juu, mguu unajikwaa kwenye jiwe la lava ambalo wengine wameliona. Kilichopotea hakirudi, dawa hulinda kilichobaki. Mwambie daktari habari za baba yako, umwombe apime presha na atazame mshipa wa jicho, yote mawili, kwa sababu wapo wenye presha ya kawaida na mshipa unaokufa.

Nakusihi, usinunue famasi matone yenye deksametazoni, dawa ya aina ya steroidi, kwa sababu tu jicho linawasha. Huondoa wekundu haraka, lakini yakitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Ukiona miali kama ya radi, vidoadoa vyeusi vingi kwa ghafla, au pazia likishuka upande mmoja, nenda siku hiyo hiyo, hata kama kuna gauni la harusi mezani. Vivyo hivyo jicho likiwa jekundu, linauma sana, na unatapika.

Siku ya kupimwa, beba miwani yako na dawa zote unazomeza. Watakutia matone ya kupanua mboni, na utaona ukungu kwa saa kadhaa. Usipange kukata kitambaa cha mtu siku hiyo, na mtoto mkubwa akusindikize.

Mama yako