Kompyuta za maabara na vitini vyenu

Habari zenu wapendwa. Kompyuta mbili za pembeni mwa maabara sasa zina NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Mwenye uoni hafifu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, maandishi yatakuzwa papo hapo. Mnaoona, tafadhali waachieni wenzenu mashine hizo mbili.

Linaloniuma zaidi ni vitini. Mhadhiri akipiga picha kurasa za kitabu na kuzituma kama PDF, kisoma skrini kama NVDA hakipati herufi hata moja. Kwake ile ni picha tupu. Lazima ipitishwe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, na hata hapo majedwali na fomula huvurugika. Ombeni faili la Word lenye vichwa vilivyowekwa kwa mitindo ya vichwa ya Word yenyewe (Heading 1, Heading 2), siyo kukolezwa wino tu, ili msomaji aruke kutoka kichwa hadi kichwa bila kusikiliza kurasa zote. Mkikataliwa, niandikieni faragha, nitakwenda kuzungumza naye mwenyewe.

NVDA hukaa hata kwenye flashi. Kesho jioni njooni na zenu niwawekee.