Mwanangu, Mashindano Yetu Yapimwe kwa Ubao

Kisiwa cha Bugala, Kalangala, Uganda

Mwanangu Nuru,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepoa, shangazi yako amerudi Masaka, na mdogo wako anaendelea kuahidi kwamba atakupigia. Barua yako nimeipata, na zile sauti ulizotuma usiku wa manane wa huko, za mashindano ya uvuvi mnayoyaita derby, nimezisikiliza zote. Kosa ni kuzipeleka mwaloni, kwenye mitumbwi. Tangu mabaria, wavuvi wetu wa mitumbwini, wazisikie sina amani, kila nikishuka ziwani naulizwa, "Mzee, na derby yetu inaanza lini?"

Basi nakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu mtandao hukatika pale pale penye utamu.

Hicho kisiwa chako cha Martha's Vineyard huko Marekani nimewaeleza watu hivi: hakizidiani sana na Bugala kwa ukubwa, nacho hakifikiki bila meli au ndege, na wenyeji wake wanailalamikia feri kama sisi tunavyoilalamikia ya Nakiwogo, ya kuvukia Entebbe. Hapo wote wakaelewa. Nikawaambia kwamba tangu 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita kuu, watu hao hushindana kuvua kwa wiki tano, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba, na kwamba walilianzisha jambo hili ili wageni waendelee kuja kiangazi kikiisha na vyumba vikibaki vitupu. Baria mmoja Msamia akatikisa kichwa, akasema hao ni wafanyabiashara, si wavuvi. Nikamwambia asubiri.

Nikawasomea ulivyoandika juu ya seremala aliyeshuka kwenye paa la watu bila kulimaliza kwa sababu upepo umegeuka, na wanawake wanaojiita wajane kwa wiki hizo tano na waume zao wako hai. Kilichowachekesha zaidi ni yule bwana anayeegesha gari mbali, kisha anatembea gizani bila tochi ili mtu asijue anavulia wapi. "Kumbe na Mzungu anaficha!" Hapa unatujua. Mtu akirudi na mzigo, ukamwuliza ametoa wapi, atakuonyesha upande wa Koome na usiku kucha alikuwa Bubembe. Nilidhani uongo huo ni wa njaa, wa kulinda unga wa watoto. Sasa nasikia hata mwenye mshahara wake na nyumba ya ghorofa anadanganya vilevile, kwa ajili ya kibati cha kubandika kofiani. Jambo hilo limenifurahisha kuliko nilivyotegemea.

Sasa ombi lako. Unataka mimi na wazee wa mwalo tuanzishe mashindano ya sangara hapa Ssese, kila mwaka, mwenye samaki mzito kuliko wote apewe injini, na wewe utatafuta wafadhili huko. Wazo sijalikataa. Nakataa hapo kwenye "mzito".

Umenieleza vizuri jinsi mizani yao ilivyo. Banda dogo pale bandarini Edgartown, linafunguliwa saa mbili hadi saa nne asubuhi, na tena saa mbili hadi saa nne usiku. Watu wanajipanga na samaki wao, watoto wanasukumana mbele, mpimaji anasoma namba kwa sauti na hakuna anayebisha. Hapo penye "hakuna anayebisha" nilirudia kusikiliza. Wewe umekulia hapa. Unaijua ile mizani ya saa inayoning'inia kwenye mwembe, na kijana wa mnunuzi anayemshika samaki mkia eti asiyumbe, huku goti lake likimnyanyua taratibu. Sangara wa kilo kumi na mbili akifika pale ana kumi na nusu, kisha yanakatwa "maji". Baria anaona, tajiri mwenye mtumbwi anaona, na wote wananyamaza kwa sababu gari la barafu ni hilo moja na jua linapanda. Mizani hiyo hiyo ndiyo unataka tuitumie kumpa mtu injini? Kabla ya jioni watu watakuwa wameshikana mashati.

Na hata mizani ikiwa ya haki, kuna tumbo la samaki. Wewe mwenyewe umenisimulia ya mwaka 2007, alivyoletwa straipa mkubwa, yule samaki wa mistari, alipopasuliwa tumboni mkatoka vipande vya risasi, ile ya kuzamishia mshipi. Kisiwa kikagawanyika, mpaka ikaeleweka kwamba huenda samaki alizimeza mwenyewe: kuna wavuvi wanaomjaza samaki wa chambo risasi ili azame chini, na straipa akimnyakua akakata uzi, basi anatembea nazo. Hadithi hiyo niliisimulia mwaloni kwa nia njema kabisa. Nikaona macho mawili matatu yanang'aa, nikajuta kufungua darasa.

Lakini sababu kubwa ni nyingine. Sangara wakubwa, wale wa kupigiwa picha, karibu wote ni majike. Jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Huyo ndiye unataka tumtangazie zawadi. Babu yako aliona samaki huyu akiingia ziwani. Hakuwa wetu, alipandwa na serikali za wakati ule miaka ya 1950 na 1960, akala nkejje, samaki wetu wadogo wa asili, karibu zote, na miaka ya 1980 akatujengea nyumba. Mimi nimekusomesha kwa sangara. Leo baria analala majini usiku kucha na ndoano mia kadhaa zenye chambo cha mumi (kambare), anarudi na samaki wachache, nusu yao hawafiki sentimita 50 zinazotakiwa na sheria. Wanajeshi waliletwa ziwani 2017, nyavu haramu zimechomwa, mitumbwi mifupi imechomwa, na bado tunabishana kama samaki wameongezeka au la.

Ndiyo maana katika yote uliyoniandikia, lililonikalisha chini ni lile la straipa kutolewa kwenye mashindano. Samaki huyo mwenye mistari ndiye aliyeyapa jina, ndiye kila mtu alikuwa akimwota. Katikati ya miaka ya 1980 alipopungua pwani yote ile, waandaaji wenyewe wakamfuta kwenye orodha, na hakurudi hadi 1993. Na miaka hii ya karibuni wakamtoa tena, wakabaki na yule samaki wa samawati (bluefish) mwenye meno ya kukata uzi na wale wawili wa jamii ya jodari. Watu wenye kichaa kiasi hicho, wakajinyima samaki wao wa kwanza. Msamia wangu, ambaye alikuwa amewaita wafanyabiashara, aliuliza mara mbili kama hakukuwa na askari aliyewalazimisha.

Basi sikiliza pendekezo langu, na usicheke kabla hujamaliza.

Tusiwe na mizani. Tuwe na ubao. Ubao wa mvule, mrefu, kichwani umegongomewa kipande cha mti cha kuegemeza mdomo wa samaki, na juu yake misumari miwili: mmoja kwenye sentimita 50, wa pili kwenye 85. Namba hizo sikuziota; wenzetu wa Tanzania waliwahi kuziweka katika sheria yao ya sangara, chini ya 50 marufuku na juu ya 85 marufuku. Samaki analazwa mbele ya watu. Asiyefika msumari wa kwanza, mwenyewe anakwenda zake na aibu yake. Anayevuka wa pili, hatumkamati, sheria yetu haimzuii, auze samaki wake apate hela, kombe hapati. Mshindi ni yule ambaye mkia wa samaki wake umeukaribia msumari wa pili kuliko wote bila kuugusa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuwa mwamuzi. Hakuna goti la kunyanyua, na risasi tumboni hazirefushi samaki.

Nilipowaeleza hivyo wakacheka sana. "Mashindano ya samaki wa kati!" Halafu, kama ninavyowajua, kicheko kikaisha wakaanza kutafuta mwanya. Mmoja akasema atakata ncha ya mkia wa samaki mkubwa. Basi mkia uliokatwa, samaki nje. Mwingine akauliza kama samaki aliyekaa juani hanyauki akapungua. Wakaenda kupima mmoja asubuhi na jioni, mbele yangu, kwa ubishi mkubwa, na hapo nikajua mashindano yameshaanza kabla hayajaanza.

Kuhusu kumrudisha samaki majini, kama wanavyofanya wageni wanaovua kule Murchison, Mto Nile, futa kabisa. Baria hawezi kuachia samaki wa laki mbili eti kwa sababu ya picha. Na sangara aliyevutwa kutoka kina kirefu anafika juu tumbo limefura, hata ukimwachia anaelea tu na ndege wanamshukia.

Wakati: nimefikiri iwe wiki ya mbalamwezi. Wavuvi wa mukene (dagaa) taa zao hazina kazi mwezi ukiwa mkubwa, wanakaa mwaloni wakicheza karata na kukopa. Hao ndio wenye nafasi. Kina mama wa kukaanga samaki watapata wateja, nyumba za wageni za Lutoboka zitapata watu, hata wale wa mashamba ya michikichi watashuka kuangalia. Na iwe mshipi tu, wa mkono, uzi mmoja ndoano moja. Nyavu zibaki nyumbani. Watu wamesahau raha ya mshipi, mwanangu. Ule uzi unapokaza ghafla ukakata kidole, na gizani unamulika tochi ukaona jicho linawaka kama kaa la moto, kisha sangara anaruka juu ya maji mwili wote, anatikisa kichwa ili aitupe ndoano. Pale hata mwenye madeni ya mji mzima anasahau.

Zawadi, nachukua ile ya kwenu ya funguo. Hiyo nimeipenda mno. Kwamba ukiongoza hujapata mashua. Umepata haki ya kuchagua ufunguo, na kufuli likifunguka ndiyo yako. Sisi tuipanue: kila aliyeleta samaki kati ya misumari miwili aingie kwenye funguo za injini, hata kama samaki wake ni wa sentimita 51. Mshindi wa ubao apate kombe na ng'ombe. Wale wenye bahati mbaya ya kudumu, nao ni wengi hapa, watakuwa na sababu ya kushiriki.

Na lile la minofu kupelekewa wazee wa kisiwa, na la fedha za kuwasomesha watoto wanaomaliza sekondari, nimewasomea bila kuongeza neno. Bibi mmoja anayechoma samaki akauliza wazee ni kuanzia miaka mingapi.

Sasa wewe. Umesema kwa wiki hizo ulikuwa ukitoka jikoni usiku, unakwenda baharini, unalala kidogo alfajiri, kisha feri na basi mpaka Boston darasani. Sitakuuliza maswali ambayo jibu lake nalijua. Nimekaa majini nusu ya maisha yangu na mama yako yuko hapa anasoma juu ya bega langu. Anasema nikuandikie kwamba umekonda kwenye picha. Mimi naandika la kwangu: mawe ya ufukweni usiku wa Oktoba, maji ya baridi kiasi hicho, na wewe peke yako kwa sababu unaficha mahali. Vaa koti la kuokolea. Mwonyeshe mtu mmoja mahali pako, hata kama ni mtu unayemchukia kwa uvuvi wake. Na mtihani wa Desemba uufanye.

Nahitaji haya kutoka kwako kabla sijaitisha mkutano wa mwalo. Waulize wanampataje mpimaji wao, na kama ndugu yake akileta samaki nani anampima. Waulize wawili wakilingana wanafanyaje. Nipigie picha ubao ule wanaoandika majina ya wanaoongoza, karibu, nione mistari walivyoichora. Fimbo ya kuvulia usitume, hapa itavunjika au itaibiwa wiki ya kwanza. Hao wafadhili wakipatikana, waanze na makoti ya kuokolea, ya kutosha kila mtumbwi utakaojiandikisha, injini baadaye.

Barua hii nampa kijana anayevuka na feri ya kesho asubuhi. Akifika Entebbe ataipiga picha akutumie.

Baba yako

Msamia anauliza huo uzi mnaotumia ni wa namba gani, na kama kweli haukatwi na meno ya yule wa samawati. Anataka bei.