Harambee ya daftari la wapiga kura: wana Bahi, tunaomba mkono wenu

Ndugu zetu mlioko Bahi, Dodoma mjini, Dar es Salaam na kwingineko, mbukwenyi.

Kikundi chetu mnakijua. Hatuandikishi wapiga kura. Hiyo ni kazi ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na mashine zake za BVR, zile zinazochukua picha na alama za vidole. Sisi tunaitangulia mashine. Tunapita kaya kwa kaya kuwaeleza watu kituo kitakuwa wapi, lini, na nani anahusika, na siku ikifika tunawapakia wasioweza kutembea. Fulana ya chama inabaki nyumbani. Ukija nayo unarudishwa ukabadilishe, hata ukiwa mwenyekiti wetu (imeshatokea).

Mwaka 2024 tulikwama. Kituo kinafunguliwa siku saba tu, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kisha mashine zinahamia kwingine. Siku ya nne hela ya mafuta ikaisha, pikipiki ikabaki imeegeshwa uani kwa mhazini, na vitongoji vya mbali, vile vya kwenye majaruba na vya wafugaji, havikutusikia.

Halafu ukaja mkanganyiko wa Oktoba. Tarehe 11 hadi 20 watu waliandikishwa tena, safari hii kwenye orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa: kitabu cha kuandika kwa mkono, hakuna picha, hakuna kadi. Aliyelikosa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lile la Tume, akaandikwa huko, Novemba 27 akamchagua mwenyekiti wa kitongoji, akajihesabu amemaliza. Tulipomwambia kwamba orodha si daftari, alituona wasumbufu. "Mara ngapi mtaniandika?" Swali la haki kabisa, na lilihitaji mtu wa kukaa naye chini amweleze taratibu, si tangazo la kupita na pikipiki.

Yuko pia bibi mmoja ambaye hatujamsahau. Alifungua pindo la khanga akatoa kadi yake ya mwaka 2015, safi, imekunjiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na noti mbili za elfu moja. Kadi ilikuwa halali. Za 2015 na 2020 hazikufutwa. Ila alijiandikisha Manyoni, na sasa anaishi kwa binti yake huku kwetu. Alichotakiwa ni kwenda kituo cha huku, bure, taarifa zake zihamishwe. Hakuna aliyemwambia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, alisimama mbele ya majina yaliyobandikwa, mjukuu akimsomea kuanzia juu hadi chini, mara mbili.

Uchaguzi mkuu ujao ni 2030, na sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kabla ya hapo. Safari hii hatutaki tarehe itangazwe ndipo tuanze kutafuta mafuta. Tunaanza sasa kuorodhesha, kaya kwa kaya, wanaofikisha miaka 18, waliohama, waliopoteza kadi, na marehemu ambao majina yao bado yamo kwa sababu ndugu hawakujua kuwa wanapaswa kutoa taarifa. Kibali cha kutoa elimu ya mpiga kura tutakiomba Tume kama utaratibu unavyotaka.

Hesabu ndiyo hii. Pikipiki mbili za kukodi pamoja na mafuta ni shilingi 25,000 kila moja kwa siku. Siku 14 kwa awamu, awamu mbili, inakuwa 1,400,000. Vipaza sauti viwili 180,000. Vipeperushi, madaftari na kalamu 220,000. Jumla 1,800,000. Mpunga wa shamba la kikundi umetupa 430,000, kwa hiyo pengo ni 1,370,000. Posho hakuna, tulishabishana sana juu ya hilo na waliotaka posho walishindwa.

Harambee itakuwa Jumapili ya kwanza baada ya mavuno, ibada na shughuli zote zikiisha, pale pale tunapokutania. Shilingi 25,000 ni pikipiki moja siku nzima. Asiye na fedha alete debe la mpunga, tutaliuza. Wa mbali wapitishie kwa ndugu zao walioko kijijini, na mhazini atatoa risiti kwa kila senti. Majina na viwango vitabandikwa mlangoni. Usiyetaka lako lionekane, mnong'oneze mhazini mapema.