Huyo jambazi ni mtoto wa mvuvi

Mhariri,

Msomaji mwenzangu amelalamika humu kwamba katuni za Kijapani zinawafunza vijana ujambazi. Nami, niliyelelewa na baba mvuvi, naomba nimtetee jambazi mmoja wa katuni hizo: Bruno Bucciarati, aliyechorwa na Hirohiko Araki katika sehemu ya 5 ya JoJo's Bizarre Adventure, hadithi inayotokea Italia mwaka 2001.

Baba yake alikuwa mvuvi. Wazazi walipoachana, Bruno, miaka 7, alichagua kubaki na baba, maana aliona ndiye angekuwa mpweke zaidi. Akiwa na miaka 12, baba akapigwa risasi na wauza unga aliowapakia kwenye mashua yake. Usiku wakaja hospitali kummalizia. Mtoto alikuwa chini ya kitanda, kisu mkononi. Akawaua. Nani sasa angewalinda, ila genge la Passione? Akajiunga. Baadaye akagundua genge hilohilo ndilo linalouza unga. Hapo nilifunga kitabu, nikanywa maji kwanza.

Nguvu yake ya ajabu ni zipu: akipiga ngumi ukuta, unafunguka kama begi. (Pia hulamba jasho la mtu ajue kama anadanganya; hilo silitetei.) Bosi wa genge alipotaka kumuua Trish, bintiye wa kumzaa, Bucciarati alimwasi palepale, akijua yatakayomkuta.

Vitabu ni vya mwanangu. Ananidai juzuu mbili.

Binti Mvuvi,
Tanga