Mkulima wa korosho akopeshwe kabla mlanguzi hajamfikia

Mhariri,

Kila msimu ukikaribia tunasikia viongozi wakikemea kangomba, ile biashara ya kununua korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa. Ni kweli inaua ushirika, maana korosho zilizokwisha kuuzwa vichochoroni hazifiki ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wala mnadani. Lakini kukamata watu hakutoshi. Tuangalie anayeuza ni nani, na anauza lini. Ni mama anayedaiwa pesa ya palizi na ya kupulizia dawa mikorosho, mwanawe anatakiwa shule, na minada huanza Oktoba. Mwezi wa saba, anayebisha hodi na noti mkononi ni mlanguzi peke yake.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hukabidhi korosho ghalani, hupewa risiti na kusubiri ziuzwe, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulitupatia mnada wa wazi. Haukutupatia fedha ya kuusubiri mnada huo. Naiomba Serikali iziwezeshe benki, ikiwamo Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, zitoe mikopo midogo ya kabla ya mavuno kupitia AMCOS, kwa riba tunayoimudu, na deni likatwe kwenye malipo ya mnada.

Tena mkulima akishauza alipwe kwa wakati, na karatasi yake ya malipo ioneshe kila kato kwa shilingi: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, chama. Mtu asiyejua amekatwa nini hawezi kukiamini chama chake. Bajeti ijayo itutajie fungu la mikopo hiyo ni kiasi gani.

Mwanachama wa AMCOS,
Newala, Mtwara