Halmashauri za Tabora zikitazame kidato cha kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakuu wa shule, maofisa elimu na wazazi wa mkoa wetu wa Tabora wanalijua vizuri lakini hawajalipa uzito unaostahili, nalo ni mwaka wa kwanza wa mtoto katika shule ya sekondari. Kidato cha nne kina makambi ya kitaaluma, mitihani ya majaribio na walimu wanaobaki shuleni hadi usiku. Kidato cha pili kina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo nacho hutazamwa. Kidato cha kwanza hakina mwenyewe. Mara nyingi hupewa mwalimu mgeni au wa kujitolea, ilhali wazoefu wanapelekwa kwenye madarasa ya mitihani. Nionavyo mimi, baada ya kufundisha katika sekondari za kata hadi kustaafu, hapo ndipo tunapowapoteza wengi wa wale tunaokuja kuwahesabu miaka mitatu baadaye kuwa wameshindwa.

Mtoto anayeripoti Januari ametoka shule ya msingi ambako alifundishwa kwa Kiswahili, na baada ya majuma machache anatakiwa kujibu maswali ya biolojia na jiografia kwa Kiingereza. Mwalimu mwenzangu aliwahi kunionyesha karatasi ya mvulana aliyeeleza usanisinuru kwa Kiswahili safi, akataja mwanga wa jua, maji, hewa ya kaboni na rangi ya kijani ya jani, tena kwa mpangilio ambao wengi wa kidato cha tatu hawaufikii. Lakini kwa utaratibu wa mtihani ule hakustahili hata alama moja. Biolojia alikuwa anaijua. Alichokosa ni mtu wa kuitambua shida yake mapema, kabla hajajiona kuwa mjinga.

Upo pia msimu. Katika wilaya zinazolima tumbaku, yaani Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, miezi ya mwanzo ya masomo ndiyo miezi ya kuchuma na kukausha, na moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, hauachwi uzimike. Kijana aliyekesha akichochea kuni haji shule, au anakuja kusinzia, na akikosa juma zima hajui tena wenzake wamefika wapi. Daftari la mahudhurio linaonyesha yote haya waziwazi, lakini hujumlishwa mwisho wa mwezi kwa ajili ya taarifa ya halmashauri, si kwa ajili ya mtoto. Umbali na maisha ya mageto, yaani vyumba ambavyo wanafunzi hupanga karibu na shule, yameandikwa sana katika magazeti, kwa hiyo sitayarudia.

Wapo waliolishughulikia jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Katika jiji la Chicago, Marekani, ambako sekondari ni ya miaka minne inayoanzia darasa la tisa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walibuni kipimo chepesi: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huhesabiwa kuwa yumo njiani ikiwa amemaliza mwaka huo akiwa na masomo ya kutosha kumvusha darasa la kumi, na hajafeli zaidi ya muhula mmoja wa somo la msingi. Ripoti yao ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba uwezekano wa kuhitimu kwa wakati kwa waliokuwa njiani ulikuwa zaidi ya mara tatu na nusu ya ule wa wenzao, na kwamba kipimo hicho kilibashiri kuhitimu vizuri kuliko alama ambazo watoto walitoka nazo madarasa ya chini. Kati ya mwaka 2007 na 2013, shule za jiji hilo zilipokuwa zikipatiwa majina ya watoto walioanza kuteleza, kiwango cha walio njiani kilipanda kutoka asilimia 57 hadi asilimia 82. Orodha za majina pekee zisingetosha. Mtandao uitwao Network for College Success, ulioanza chuoni hapo mwaka 2006, huziunganisha shule, na waelekezi wake huketi na timu za walimu wa mwaka wa kwanza kuwasaidia kuzisoma takwimu hizo na kuamua la kufanya kabla muhula haujaisha.

Mazingira yetu ni mengine, tena kwa namna inayofanya jambo hili liwe gumu zaidi kuonekana. Huku mtoto aliyefeli somo moja moja katika kidato cha kwanza husogea tu na wenzake, na pengo lake linapanuka pasipo mtu kulisema hadi upimaji wa kidato cha pili, wakati ambapo yeye mwenyewe amekwisha kukata tamaa au ameacha kuja.

Ninachoomba ni halmashauri moja ianze. Ichukue sekondari tatu au nne za kata zinazopakana, pamoja na shule za msingi zinazozipelekea wanafunzi, ziandikiane makubaliano, kisha zipewe mwalimu mwelekezi mmoja. Leo mtoto anafika sekondari na fomu ya kujiunga na matokeo ya darasa la saba, basi. Mwalimu wake wa msingi, aliyekaa naye miaka, anajua kwamba huyu anasoma kwa shida, yule hutoweka wakati wa tumbaku, na mwingine analelewa na bibi asiyeweza kumnunulia daftari. Lakini hakuna anayemuuliza. Makubaliano yawatake walimu wa msingi wakabidhi maelezo hayo kabla shule haijafunguliwa, na sekondari iwarudishie habari za watoto wao kila muhula.

Kazi ya mwelekezi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kila baada ya majuma mawili akae kwa saa moja na walimu wote wa kidato cha kwanza, wakiwa na daftari la mahudhurio na alama za majaribio mezani, wachague watoto wanaoanza kuyumba, kila mtoto apewe mwalimu mmoja wa kumfuatilia, na kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza kama kilichoahidiwa kimefanyika. Siku nyingine aingie darasani, akae nyuma, amtazame mwalimu wa Kiingereza au wa hisabati akifundisha, kisha wazungumze wawili. Asiwe mthibiti ubora wa shule, na anayoyaona yasitumiwe katika kumpandisha au kumshusha mtu cheo. Mwalimu anayejua kwamba aliyoyasema leo yatafika kwa afisa kesho ataonyesha andalio la somo lililopambwa na kuificha shida yake, na hapo mwelekezi atakuwa hana kazi.

Tayari Serikali ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), unaowataka walimu wajifunze pamoja wakiwa kazini, kwa hiyo hatuanzi bila msingi. Kinachokosekana ni kuuelekeza kwa watoto wa mwaka wa kwanza kwa majina yao, na kuwa na mtu anayeushikilia. Ushirikiano wa shule huvunjika kwa mambo madogo: mkuu wa shule amehamishwa, ratiba zimegongana, mafuta ya pikipiki hayapo. Ndiyo maana napendekeza Afisa Elimu Kata mmoja apewe dhamana kwa barua, na mafuta hayo yatoke katika ushuru wa mazao ambao halmashauri zetu hukusanya, ukiwamo wa tumbaku. AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, nazo ziingizwe katika makubaliano, kwa sababu wanachama wao ndio wazazi wenye mabani, na neno la mwenyekiti wa chama cha msingi linasikika nyumbani kuliko barua ya mkuu wa shule.

Jambo hili haliwezi kusubiri. Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, hivyo mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi hayo mawili kwa mkupuo. Mazungumzo ninayoyasikia kuhusu mwaka huo ni ya vyumba na madawati, ambayo kweli yanahitajika. Sijasikia yakitajwa majina ya walimu watakaowapokea, wala namna watakavyoandaliwa kufundisha darasa ambalo nusu yake wamesoma mwaka mmoja pungufu. Halmashauri itakayokuwa imejaribu utaratibu huu kwa shule chache kabla ya hapo itakuwa na walimu wenye uzoefu wa kuufundisha kwa wengine.

Kama ipo halmashauri yoyote nchini iliyokwisha kuanza, naiomba iandike katika ukurasa huu ieleze waelekezi wake imewapata wapi na inawalipaje, maana hilo ndilo ambalo kila mkuu wa shule niliyezungumza naye ameniuliza kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Urambo, Tabora.